Kupitia kwa Mwenyekiti: Dereva wa Theluji na Dada Yake

HADLOCK, VERMONT. Orrin Stebbins ni mwana wa Luther, Luther mwana wa Amos, Amos mwana wa Josiah, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye jina lake limewahi kutajwa mjini hapa kwa aibu. Josiah alizipima barabara za mji huu kwa mnyororo na kwa miguu yake mwenyewe. Amos alikabidhiwa funguo za ukumbi wa mji akazitunza hadi alipofariki. Luther aliongoza kikosi cha zimamoto na hakuwahi kulala huku paa la jirani likiungua. Watu wa namna hiyo hawajengewi sanamu. Hukumbukwa kwa kuwa njia zinapitika.

Saa kumi na moja alfajiri, Jumanne ya kwanza ya mwezi Machi, mjukuu wa Amos yumo ndani ya lori la kuondoa theluji katika mteremko wa makaburini. Bamba la chuma lililofungwa mbele ya lori linakwangua barabara kwa mlio mzito, na theluji inaruka pembeni kama unga uliomwagwa. Taa za mbele hazioneshi zaidi ya hatua chache.

Kwenye goti lake la kulia ameweka chupa ya kahawa. Goti la kushoto ni la bandia; walimwekea hospitalini baada ya miaka mingi ya kukanyaga klachi. Ana umri wa miaka sitini na sita. Mji humlipa dola ishirini na nne kwa saa, na katika majira ya baridi hulala akiwa amevaa soksi.

"Theluji ikikoma kabla ya saa mbili, nitawahi," anasema bila kuondoa macho barabarani. "Isipokoma, wataanza bila mimi, na watakuwa na haki. Mkutano haumngoji mtu."

Mkutano anaousema ni ule wa mwaka wa mji, ambapo kila mpiga kura wa Hadlock huruhusiwa kuingia ukumbini, kuketi, kusimama, kutoa hoja, kupinga hoja ya mwenzake, kisha kuamua kwa mkono ulioinuliwa. Bajeti ya barabara huamuliwa hapo. Mshahara wa Orrin huamuliwa hapo, yeye mwenyewe akiwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, akiwatazama majirani wakijadili kama anastahili.

Leo kuna hoja moja nzito kuliko zote. Wakazi wametia saini wakitaka utaratibu huo ukomeshwe. Kuanzia mwakani, watu wapige kura ya siri kwa karatasi, kutwa nzima, kila mtu kwa wakati wake, aondoke.

Mji mzima unadhani Orrin ataiunga mkono. Mara mbili katika miaka ya karibuni dhoruba ilimkuta barabarani, akakosa mkutano na akakosa kura. Kama kuna mtu ambaye karatasi ingemfaa, ni dereva wa theluji.

Orrin atapinga. Sababu yake ni dada yake.

Verna Stebbins ana miaka sabini na moja na ni mjane. Anaishi katika shamba la wazazi wao kwenye barabara ya Cold Spring, na kila mwisho wa baridi hukusanya utomvu wa miti ya shira, na kuuchemsha hadi uwe shira nzito na tamu. Zamani safu ya miti hiyo ilisimama kwenye kona ya barabara, mbele ya nyumba. Luther aliipanda alipooa.

Miaka kumi na miwili iliyopita basi la shule liliteleza kwenye kona hiyo na kugonga mti wa tatu. Mtoto mmoja alivunjika mkono. Mji uliamua kona ipanuliwe na miti ikatwe, kwa kuwa ilisimama ndani ya eneo la barabara. Kazi ilimwangukia mtu wa barabara, naye ni Orrin.

Aliwasha msumeno asubuhi, dada yake akiwa bado amelala.

"Nilifikiri ni afadhali ikatwe na mkono wa nyumbani kuliko mkono wa mgeni," anasema. Lori linapinda taratibu. "Sikumwambia. Niliogopa atalia, na mimi nikimwona analia siwezi kuushika msumeno. Basi nikakata kwanza."

Verna ana maelezo yake, naye aliyatoa kwa mwandishi siku mbili kabla ya mkutano, akikoroga shira jikoni. "Miti ilibidi iondoke. Nina akili, najua mtoto ni bora kuliko mti. Angekuja kuniambia jana yake, ningemfokea nusu saa, halafu ningemkaanga mayai. Lakini nimeamshwa na msumeno, nachungulia dirishani, namwona ndugu yangu mwenyewe ameshaangusha miwili. Hapo sikuwa na la kusema. Mpaka leo sijalipata."

Tangu siku hiyo hawajasemezana. Wakikutana dukani, mmoja hujifanya anasoma maandishi ya kopo la maharage. Mke wa Orrin alipofariki, Verna alikuja kanisani, akaketi benchi la mwisho, akaondoka kabla ya kufunga sala. Jioni hiyo Orrin alikuta sufuria ya maharage yenye nyama ya nguruwe kwenye kizingiti cha mlango. Aliijua sufuria. Aliiosha na kuirudisha kwenye kizingiti cha mlango wa dada yake, bila kubisha hodi.

Katika mwaka mzima imebaki siku moja tu ya kusikilizana, nayo ni ya mkutano.

Kanuni ya mkutano ni kali na ni ya zamani: msemaji hamwambii jirani yake neno. Humwambia mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye anayeruhusu jibu. Iliwekwa ili watu wasitukanane. Wana wa Stebbins wameitumia kwa namna ambayo walioiweka hawakuiwaza.

Mwaka Orrin alipowekewa goti, Verna alisimama wakati wa bajeti ya barabara. Alimwomba mwenyekiti amuulize mtu wa barabara kama ana hakika mguu wake unaweza kukanyaga klachi mlima wa makaburini, kwa usalama wa umma. Orrin alisimama na kumwomba mwenyekiti amjulishe mwananchi huyo kwamba mguu unaendelea vizuri, ila usiku unauma kidogo. Mwananchi huyo akauliza, kupitia kwa mwenyekiti, kama mtu wa barabara ameshajaribu maji ya moto yenye chumvi.

Ukumbi mzima ulijua kinachoendelea. Hakuna aliyecheka. Ni lazima tuwasifu watu wa Hadlock kwa hilo.

"Ndiyo maana naomba theluji ikome," anasema Orrin. "Wakipitisha karatasi, kila mtu atakuja kwa saa yake. Yeye hupenda asubuhi. Mimi nitakuja nikipata nafasi. Nitamsikia wapi?"

Saa moja na nusu theluji ilipungua. Saa mbili na robo lori liliegeshwa nyuma ya ukumbi, injini ikitoa mvuke.

Orrin aliingia akiwa na matope hadi magotini, akaketi upande wa jiko, karibu na mlango, ambako huketi siku zote ili asikie redio ya lori. Verna alikuwa upande wa madirisha, amevaa sweta ya kijani, mikono juu ya mkoba. Kutoka jikoni ilisikika harufu ya maharage ya chakula cha mchana na pai za tofaa.

Mwenyekiti ni Eunice Lathrop, mwalimu mstaafu ambaye nusu ya waliokuwa ukumbini waliwahi kupita darasani mwake. Aligonga meza kwa nyundo yake ndogo ya mbao, akasoma hoja, akaketi.

Aliyeitetea kwanza alikuwa mtoa hoja mwenyewe, muuguzi Colette Gervais. Alisema leo amekuja kwa kuwa aliomba siku ya mapumziko na kukosa malipo yake. Wenzake watatu wanaoishi Hadlock wako wodini saa hii, na maamuzi yatakayofanywa hapa yatawabana sawa na wengine. Akauliza ni haki gani hiyo inayomsubiri mtu mwenye nafasi na kumfungia mlango mwenye kazi.

Mzee mmoja wa kamati ya shule alimpinga. Alisema karatasi hujibu ndiyo au siyo tu, na mambo ya mji mara nyingi hayako hivyo. Alikumbusha mwaka ambao daraja la mto lingefungwa kabisa, hadi mama mmoja aliponyoosha mkono akapendekeza lipitiwe na magari madogo pekee. Pendekezo hilo lilizaliwa ukumbini. Nyumbani, mbele ya karatasi, lisingezaliwa.

Walisema wengi, kwa utulivu na mara nyingine bila utulivu. Fundi bomba mmoja alilalamika kwamba mikutano hutawaliwa na wenye midomo. Mwenye mdomo mmoja akajibu, kupitia kwa mwenyekiti, kwamba fundi huyo mwenyewe ameshasimama mara nne tangu asubuhi. Mwenyekiti akasema anayo hesabu hiyo, na kwamba wote wawili wakae.

Ndipo Verna aliposimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naunga mkono hoja ya muuguzi," alisema. "Watu wamesema habari ya kazi. Mimi nataka kusema habari ya hofu. Humu ndani yumo mtu anayemkamulia mwingine ng'ombe, na nyumba anayolala ni ya huyo mwenye ng'ombe. Bosi wake ameketi safu ya pili nyuma yake. Mnamwambia ainue mkono. Kila mwaka namtazama. Hajawahi kuuinua, si ndiyo, si siyo. Mnasema anao uhuru. Anao uhuru wa kutazama viatu vyake."

Hakumtaja jina, lakini Dwight Pike, mkamuaji wa maziwa, wakati huo alikuwa anatazama viatu vyake. Orrin alimwona. Alimtazama kwa muda mrefu.

Verna aliendelea, sauti ikiwa chini kidogo. "Na mwingine ni mtu wa barabara. Mara mbili amekosa kura kwa sababu alikuwa anatufungulia sisi njia tuje kupiga zetu. Naomba, kupitia kwako, aulizwe kama anaona hiyo ni sawa."

Orrin alisimama. Alivua kofia, akaikunja, akaishika kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mwambie mwananchi kwamba si sawa. Nilikasirika. Lakini bado napinga." Aliikunjua kofia, akaikunja tena. "Ninavyoona mimi, kura ni kitu cha mwisho. Kabla ya kura kuna kumsikia mtu usiyekubaliana naye, na huwezi kutoka nje, maana theluji imejaa na chakula bado. Unalazimika kumsikia. Wako watu humu ambao husikilizana mara moja kwa mwaka, mheshimiwa, na ni kwa sababu wewe umekaa katikati yao. Ukiondoka hapo katikati, sijui watafanyaje. Mimi sijui. Basi."

Akaketi. Mwenyekiti Lathrop alikuwa na nyundo mkononi lakini hakuigonga. Alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena, akauliza kama yuko msemaji mwingine. Hakuwepo.

Kura ya sauti haikutoa mshindi. Ndiyo na siyo zililingana masikioni, na mikono ilipoinuliwa ikalingana machoni. Mwenyekiti akaagiza ukumbi ugawanyike, kama kanuni inavyotaka: wanaoafiki waende upande wa madirisha, wasioafiki upande wa jiko, wahesabiwe wakiwa wamesimama.

Viti vilikwaruza sakafu. Watu wakaanza kuvuka.

Orrin alikuwa tayari upande wa jiko, ambao ndio uliokuwa upande wa hoja yake. Alichopaswa kufanya ni kubaki pale pale. Verna alikuwa upande wa madirisha, naye alitakiwa kubaki pale pale. Lakini wote wawili walisimama na kuanza kutembea.

Walikutana katikati, kwenye njia nyembamba kati ya safu za viti, na goti la Orrin si jepesi kukwepa. Wakasimama. Nyuma ya kila mmoja watu walianza kusongamana.

"Pita basi, Orrin," alisema Verna. "Unawazuia watu."

Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia kwa miaka kumi na miwili bila kupitia kwa mtu.

"Naenda upande wako," alisema Orrin.

"Na mimi naenda wako."

"Lakini wewe umesema—"

"Najua nilichosema. Na wewe umesema. Nimekusikia."

"Nimemwangalia yule kijana," alisema Orrin. "Dwight. Nimemwona miaka yote na sijawahi kumwona."

Nyuma ya Verna mtu alikohoa. Mwingine, ambaye inaaminika ni fundi bomba, aliuliza kama familia ya Stebbins ingeweza kuhamia kando.

"Basi kura zetu zitafutana zenyewe," alisema Orrin. "Mmoja wetu arudi alikotoka, angalau ya mwingine ihesabiwe."

"Rudi wewe."

"Mimi sirudi. Umenishinda kwa haki."

"Na wewe umenishinda. Songa, bwana mdogo, mguu wako huo nitaukanyaga."

Kwa kanuni, mazungumzo hayo yote yalikuwa kosa: watu wawili wakisemezana ukumbini bila ruhusa ya kiti, katikati ya kura. Mwenyekiti Lathrop, ambaye katika miaka yake yote hajawahi kuliachia kosa la utaratibu, aligeukia dirisha na kuitazama theluji kwa makini hadi walipomaliza.

Walipishana. Orrin akasimama kwenye madirisha, karibu na muuguzi Colette. Verna akasimama upande wa jiko, karibu na mlango.

Hoja ilipita kwa tofauti ya kura chache. Kuanzia mwakani Hadlock itapiga kura kwa karatasi. Wauguzi watapiga kabla ya zamu, madereva baada ya dhoruba, na Dwight Pike ataingia kwenye kibanda chenye pazia ambako bosi wake hawezi kumfuata. Mandhari iliyokuwapo humo ukumbini tangu enzi za Josiah, ya jirani kuinua mkono mbele ya jirani, imefikia mwisho wake. Waliokuwepo hawakushangilia wala hawakulalamika. Walikwenda kula.

Mwandishi alimwuliza Verna, alipokuwa kwenye foleni ya maharage, kwa nini alibadili kura baada ya kuitetea hoja kwa nguvu namna ile.

"Alisema vizuri," alijibu. "Baba angempigia makofi. Mtu akisema vizuri unafanyaje, unamkatalia kwa sababu ni ndugu yako?"

Alichukua sahani yake, akatazama ukumbi mzima kana kwamba anatafuta nafasi, ingawa nafasi zilikuwa nyingi, kisha akaenda kuketi mkabala na Orrin.

Walianza kula. Waliokuwa jirani walijifanya kuongea habari zao. Kisha Verna aliweka uma chini na kusema kwamba, kwa maoni yake, majaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hii wasingepaswa kukaa vitini hadi kufa. Wapewe miaka kumi na minane, wapishe wengine.

Orrin alitafuna, akameza. Alisema hilo ni kosa kubwa. Jaji anayejua siku ya kuondoka ataanza kuwaza atafanya kazi kwa nani baadaye, na hukumu zake zitaanza kumpendeza huyo mtu.

Verna alijibu kwamba jaji asiyejua siku ya kuondoka husahau kabisa kwamba yuko mtu wa kumpendeza, wakiwemo wananchi.

"Kazi yake si kuwapendeza wananchi, Verna."

"Kazi yake si kuwazika pia."

Orrin alicheka. Wenye umri wa kutosha walisema walikuwa wamesahau jinsi mwana wa Luther anavyocheka. Mabega hupanda lakini sauti haitoki.

Hawakulimaliza. Redio ya lori ilikoroma nje: gari la maziwa lilikuwa limekwama karibu na mto. Orrin alisimama, akavaa kofia, akasita.

"Jumapili," alisema Verna, akiwa bado anakula pai yake. "Njoo mchana. Nakaanga mayai. Na ujipange, maana habari ya majaji sijaimaliza."

Tulipompata jioni akiosha bamba la lori, Orrin alisema hana hakika kama amesamehewa, na kwamba hatauliza. Kuhusu miti, ana neno moja analotaka kulisema, ambalo alipaswa kulisema kabla ya kuwasha msumeno, na atalisema akishaketi, kabla ya mayai. Baada ya hapo, kama bado yupo mezani, ana mpango wa kumthibitishia dada yake kwamba kukaa kitini maisha yote ndiko kunakomfanya jaji awe huru. Ameshafikiria hoja tatu. Ya tatu, alikiri, inamwegemea Verna.

"Itabidi niitoe hivyo hivyo," alisema. "Ndiyo haki."

Anatumaini kwenda kila Jumapili, theluji ikiwepo au isiwepo. Nchi hii, alisema huku akifunga mpira wa maji, ina mambo ya kutosha ya kubishania hadi wote wawili wazikwe.

Sasa nyinyi vijana wa Hadlock, na wa miji mingine yote mnaoisoma habari hii kwa kidole kwenye simu, sikilizeni. Mwakani mtapewa karatasi, kalamu na pazia, na hakuna atakayewauliza sababu za uamuzi wenu. Hiyo ni heshima kubwa, na wako watu kama Dwight Pike ambao wameingoja maisha yao yote. Msiigeuze kuwa maficho. Kabla hamjaweka alama, mtafuteni mtu mmoja mnayempinga, mketi mbele yake, mmsikilize hadi mwisho wa sentensi yake, bila kumkatiza na bila kutazama saa. Mwenyekiti wa kuwalazimisha hatakuwepo tena. Jilazimisheni wenyewe. Hatuwaombi, tunawaagiza.